Misa ya Gizani

Saa kumi na moja alfajiri, Bytom, ghorofa ya nne,
naamsha watoto kama mwizi anayeiba kwake:
soksi moja moja, bila taa.
Tymek bado anatafuna ndoto,
Jagna kavaa buti za kulia kushoto,
na Bruno, mwenye meno manne tu,
ameshaitafuna rozari yangu
mpaka tendo la tatu la uchungu.

Ni Majilio. Huku Majilio ni baridi
inayokaa kifuani kama mpangaji asiyelipa.
Theluji imelala na masizi ya makaa,
asubuhi haijui kama iwe nyeupe au ivae kaniki.

Taa ya Tymek ni pakiti ya maziwa,
madirisha manne ya karatasi nyekundu,
juu yake malaika wa gundi, mwenye bawa moja.
"Ataruka hivyo hivyo," kasema.

Kwenye ngazi Jagna ananivuta koti:
"Mama, Mungu naye anaamka saa hizi?"
Jibu ninalo. Nilifundishwa,
katekesi nzima, daftari na kalamu.
Nikasema: "Shika ukuta, ngazi zinateleza."

Ghorofa ya tatu ni kwa Lidka.
Nesi, zamu ya usiku. Tangu amzike mumewe
alinieleza wazi, mlango nusu:
nisimpelekee novena, nisimpelekee padre.
Nami mwaka mzima nimekuwa nikiandaa maneno,
nikiyapanga huku nakamua nguo za mtoto,
maneno mazuri, yenye nukta na mkato.

Leo bintiye kasimama kizingitini,
koti limefungwa hadi kidevuni,
babu yake kiziwi anachungulia nyuma,
na kijikaratasi kimebandikwa kifuani kwa pini:
*Mira kaona taa zenu dirishani siku tatu.
Analia. Mchukueni. Arudi kabla ya shule.*

Tymek akamtazama. Akaitazama taa yake.
Akamtazama tena.
Kugawana si rahisi ukiwa na miaka sita;
na thelathini na minne, usiniulize.
"Shika upande huu," akamwambia. "Malaika usimguse."

Kanisani giza limewekwa makusudi.
Mshumaa mmoja tu, mweupe, utepe wa buluu, wa Bikira,
na vitaa vya watoto vikipanda kuelekea altare
vikiyumba, vikigongana, vikikanyagana visigino.
Padre Zenon anahubiri juu ya ukimya;
Bruno anamjibu kwa sauti ya tarumbeta.
Mwaka wa saba sasa nasikia nusu ya mahubiri,
nikizunguka nyuma, karibu na kisima cha ubatizo,
kati ya harufu ya ubani na ya nepi.
Sala yangu imekuwa fupi:
Bwana, huyu. Bwana, yule.
Bwana, glavu ya pili iko wapi.

Ukaja Utukufu. Taa zote zikawaka kwa mpigo,
kinanda kikanguruma kama lori la mgodini,
Mira akashtuka, akaachia.
Pakiti chini. Bawa lile moja likang'oka.
Nikajiandaa kwa kilio.
Tymek akaokota bawa, akalipuliza, akalitia mfukoni.
"Basi atatembea," akasema. "Kama sisi."

Tukarudi, midomo ina masharubu ya kakao.
Lidka ndio kwanza amefika, sare bado mwilini,
kiatu kimoja kavua, kingine hajapata nguvu.
"Mama," Mira akasema, "Jagna kaniambia
Mungu naye yuko zamu ya usiku."

Lidka hakucheka.
Alishika kitasa muda mrefu,
kama mtu anayepima homa ya mlango.
"Kesho mnatoka saa ngapi?"

Maneno yangu ya mwaka mzima
yakaja yote hadi kooni, yamechana nywele.
"Kumi na moja na nusu," nikasema.
"Avae soksi mbili."