Unisomee Maji

Baba haoni kijani.
Alizaliwa hivyo. Jeshi lilimnyima urubani,
bandari ya Oulu ikampa winchi,
naye akanyanyua magogo miaka thelathini na mmoja
akizisoma taa kwa mahali zilipo, si kwa rangi zake.

Kwa hiyo Jumapili huniita.
"Sanelma, njoo unisomee maji."

Mililita tano, hadi kwenye mstari.
Matone manane ya chupa hii, manane ya ile,
chupa kichwa chini, wima, bila papara,
kizibo, kutikisa,
kisha dakika tano ambazo hatuna la kuzungumza
ila kahawa.

Desemba hapa jua huja kama mgeni
aliyeacha teksi ikimngoja mlangoni.
Na chini ya taa ya jikoni kila kitu ni njano:
ukuta njano, mkono wa baba njano,
hata sumu njano.
Ndipo nautoa mrija roshanini,
nauegemeza kwenye theluji ya saa sita mchana,
weupe pekee mtaani usiotaka kuniuzia kitu.
(Aliwahi kunitumia picha.
Simu ikayaremba maji
kama inavyoremba nyuso.)

Siidharau kadi ile ya rangi.
Machi, baba aliosha sponji ya kichujio
kwa maji ya bomba, akaikamua hadi ikalia,
akaosha na uhai usioonekana uliokuwa ukitufanyia kazi bure.
Alhamisi mrija ukageuka kijani cha njegere.
Samaki walikuwa bado wanacheza!
Tukatoa nusu ya maji, kesho yake nusu tena,
ndoo kwa ndoo, mgongo ukiniuma,
na wote kumi na mmoja wakabaki.
Kadi ilisema kabla samaki hawajasema.

Kisha Oktoba wakaja mafundi wa mabomba.
Jengo zima, ngazi zimefunikwa nailoni,
kuta zimepasuliwa, vumbi ndani ya sukari.
Wakaondoka wakiacha shaba mpya inayong'aa
ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna wa kuitazama.

"Uduvi hawapandi jani," baba aliniambia kwa simu.
Nikaenda. Nikapima.
Amonia: njano safi.
Naitraiti: buluu ya anga la Juni.
Naitreti: rangi ya chungwa, ya kuvumilika.
Nikaipanga mirija kama askari wa gwaride.
"Maji yako mazima, baba."
Hakuitazama mirija.
"Mazima kwa nani?"

Jumatano uduvi wawili walilala ubavu.
Ijumaa wote.

Kisanduku kilikuwa na maswali manne.
La tano lilikuwa ukutani.
Mimi ni mfamasia; nauza vipima sukari, vipimajoto,
nawaambia watu kila siku, kipimo hakijaonyesha kitu,
nao hufunga skafu zao, hutoka barafuni wakishukuru.
Kipimo hujibu kilichoulizwa.
Kwa mengine hunyamaza,
na ule unyamavu sisi huuita "ndiyo."

Sasa kabla ya kujaza ndoo
hufungua bomba akayaacha maji yapite,
akihesabu kwa midomo hadi mia mbili.
Ameagiza chupa ya shaba pia.
Rangi zake huanzia kwenye waridi hafifu.
Hiyo nayo haioni.

Jumapili hii natikisa mrija,
yeye amevuta kigoda hadi kwenye tangi,
pua karibu na kioo, miwani juu ya paji,
anamtazama kambale mzee mwenye pezi lililochanika.
Dakika tano. Kahawa inapoa.
"Huyu anapumua upesi," anasema,
kengele ya simu yangu haijalia.
Natazama. Matamvua yanafunguka, yanafumba,
kwangu ni yaleyale ya wiki jana.

Natoka roshanini. Nautega mrija kwenye theluji.
"Njano," namwambia.
"Haya," anasema,
akainuka kuchukua ndoo.