Mzigo wa Kuvuka

Tumelipasua gunia la korosho, tumelitandaza mezani,
na Otilia, mwalimu hata akiwa likizo,
anachora njia kwa chaki:
Newala hapa, kifungo cha shati.
Masasi, kifungo cha koti.
Mangaka. Kisha uzi mwembamba hadi Mtambaswala,
na mto. Mto ameuchora kwa kidole kilicholowa chai,
umekauka kabla hatujakubaliana saa ya kuondoka.

Kichekesho ni hiki: ukisimama Shimo la Mungu
asubuhi, ukungu ukishajikunja,
Msumbiji unaiona kwa macho yako haya,
na moshi wa mtu anayesafisha shamba lake.
Lakini jicho halina magurudumu.
Sisi tutazunguka usiku kucha
kufika palipokwisha kufikwa na kope.

Mchopa ana kirikuu. Taa moja inakonyeza.
"Hiyo taa," namwambia, "tengeneza."
"Hiyo taa," anajibu, "ndiyo inayojua njia."
Anataka lita arobaini, tairi la akiba,
hela ya chai kwa watu asiowataja,
na tuondoke saa mbili usiku, mwendo wa kinyonga.
Tulale Mangaka? Hapana, garini, mbele ya geti,
tuwe wa kwanza daraja likifunguliwa.
Otilia anasema mgongo wake umevuka umri wa kulala wima.
Tunaandika: mkeka.
Tunafuta.
Tunaandika: mikeka miwili.

Halafu karatasi. Kadi ya njano ya chanjo,
pasi, leseni, bima,
na pale palipoandikwa Aina ya Mzigo
kalamu yangu imekwama tangu juzi.

Ni cherehani.
Ya mkono, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamebaki mashina.
Mwaka wa sabini na tano, Veronika aliposikia
kwamba kwao sasa ni kwao,
alibeba mtoto, sufuria, na redio isiyo na betri,
akamwambia mama: hii niwekee, narudi baada ya mavuno.
Mavuno ya mwaka gani, hakusema.
Mama akaifunika kanga. Mwaka mzima hakuigusa.
Mwaka wa pili mvua ilikataa, ada haikukataa;
akakaa, akashika mpini, akazungusha.
Sare zetu zote zimepita chini ya sindano hii,
Otilia mpaka Ndanda,
mimi mpaka nilipochoka mwenyewe.

Sasa binti wa Veronika kapiga simu toka Mueda,
Kimakonde chake kina Kireno ukingoni, kama pindo:
mama haoni tena vizuri, ila kila jioni
anauliza kama wale wa Newala wanaitia mafuta.

Basi niandike nini? Bidhaa? Haiuzwi.
Zawadi? Mtu hapewi zawadi ya kitu chake.
Deni? Karani wa forodha ataulizia riba,
na riba yake ni sisi, tumekaa hapa, tumevaa viatu.
"Andika amana," anasema Otilia, "waulizane wenyewe."

Anaifunua. Anadondosha mafuta, tone, tone,
mahali mama alipokuwa akidondosha.
Ndani ya bobini kuna uzi bado,
bluu, bluu ya sketi yake ya darasa la tano.
Haukatiki. Anaujaribu kwenye ukingo wa gunia,
na ile sauti inaanza, ile ya kutulazia usingizi,
sindano inapita Masasi, inapita Mangaka,
inafika pale mto ulipokauka
na kuuvuka bila kuulizwa chochote.

Hodi mlangoni. Bi Somoe, jirani,
suruali ya mjukuu begani, goti limechanika.
"Nimeisikia kwa mbali. Nikadhani mama yenu.
Mnaondoka lini?"
"Alhamisi, taa ikitengenezwa."
"Basi leo ni Jumanne," anasema,
anavuta kigoda, anakaa.