Onesha Njia

Jibu lilirudi kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe.
Sekunde nne. Mara ya pili nilizihesabu
kwa saa ya ukutani, ofisi ya madai, Tukuyu,
dirisha limejaa ukungu, chai haijapoa kikombeni.
IMEKATALIWA. Siku zilizoombwa: kumi na moja.
Siku zinazostahili: tatu.
Sababu: 47.

Nikafungua kitabu cha sababu.
Arobaini na saba ni "haiendani na wastani".

Wastani wa nani, sikuambiwa.
Labda yuko mtu mahali fulani tambarare
aliyevunjika nyonga Jumatatu,
Alhamisi akateremka kwa lifti,
akapokelewa na gari mlangoni, nyumbani sakafu kavu.
Mungu amzidishie. Lakini Mwalimu Subilaga Mwaisumo
anakaa Kandete, ng'ambo ya korongo,
mvua ya Machi imeshabeba daraja la miti,
na kutoka barabarani hadi kizingitini kwake
ni mteremko ambao hata mbuzi huushuka ubavuubavu.

Niliyaandika yote hayo.
Kisanduku cha maelezo hupokea herufi mia na ishirini.
Korongo likaingia. Daraja likakatika katikati,
kwa mara ya pili.

Nikatuma tena. Sekunde nne.
Nikabadili: badala ya "utelezi", "hatari ya kuanguka tena";
badala ya "mzee", miaka sabini na miwili.
Nimejifunza lugha yake, hii mashine,
mwaka wa pili huu naibembeleza kama mkwe.
Siku nyingine hukubali. Sijui kwa nini,
na hilo hunitisha kuliko inapokataa.

Niseme na langu: mwezi wa kwanza niliipenda.
Zamani faili zilikwenda kulala Dar miezi mitano,
panya wa stoo wakisoma madai kabla ya karani.
Nikasema, afadhali chuma kisichoomba chai.
Kweli, haijaomba.
Wala haijawahi kuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Jioni nikampelekea karatasi wodini.
Akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi,
akasoma polepole, midomo ikitembea,
kisha akaniomba kalamu. Nyekundu, kama ninayo.

Miaka thelathini na minne amefundisha hisabati
katika shule za huko juu, ambako watoto hufika
wamejifunika mifuko ya mbolea iliyopasuliwa ubavu.
Mimi mwenyewe nilipita mkononi mwake.
Nilinakili majibu ya Anyosisye, kumi kwa kumi, yote sahihi,
akanipa sifuri.

Sasa akaizungushia duara ile tatu,
na pembeni, kwa mwandiko uleule wa ubaoni, akaandika:
Umeipataje? Onesha njia.

Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Njia yangu naijua," alisema, akitazama dirisha,
"ina mawe kumi na saba na mfereji mmoja.
Yake iko wapi?"

Siku nane zilizobaki: laki mbili na elfu themanini.
Mjukuu wake, Gwamaka, aliuza ndama
na mikungu ambayo ilikuwa haijakomaa.
Alilipa dirishani kwangu, noti zikinuka moshi,
akashukuru. Akanishukuru mimi.

Karatasi ile nimeiskani, na wino wake mwekundu,
nikaiambatisha kwenye rufaa.
Mashine imejibu: kiambatisho hakisomeki.

Kwetu Subilaga si jina tu, ni amri: zidi kutumaini.
Kwenye fomu ni herufi nane, kisanduku cha pili.
Leo asubuhi ameondoka juu ya kiti cha plastiki,
vijana wanne wakipokezana hadi ng'ambo,
fimbo yake mapajani kama rula.

Nimetuma tena. Ukungu umepanda hadi kwenye paa.
Nahesabu.
Moja. Mbili.
Tatu.