Nusu kwa Bomba, Nusu kwa Ukuta

Chaki zilikwisha Jumanne. Alhamisi
Mwalimu Nekesa akatutoa nje, Kidato cha Tatu Kusini,
hadi uwanja wa shule yetu ya Kaloleni,
mkononi kamba za katani zilizofungia magunia ya maharagwe.
"Leo mtachora kwa miili," akasema.

Bomba lilikuwa moja, lenye kikohozi.
Ukuta ulikuwa mmoja, umenyooka,
na nyuma yake reli, treni ya mizigo
ikipita kama mtu anayeburuta sufuria usiku.

"Kila mmoja atafute pake:
umbali wako hadi bomba
na umbali wako hadi ukuta uwe sawa.
Ukutani pimeni kwa njia iliyonyooka, msinipimie mshazari.
Kunjeni kamba. Nusu isiidhulumu nusu."

Ekiru, mfupi wetu, akapata wa kwanza:
hatua tano bomba, hatua tano ukuta.
"Hapo ni kipeo. Hakuna atakayekuwa karibu kukuzidi."
Na Ekiru, ambaye hajawahi kuwa wa kwanza kwa lolote,
akajishika kiuno.

Nyaboke, hatua kumi kulia mwa bomba.
Halkano, kumi kushoto.
Hawakuwa wakisemezana tangu ugomvi wa kikokotoo.
Sasa bomba lilikaa kati yao kama hakimu,
na hapakuwa na namna ya kutotazamana.

Shikuku, mbishi, akataka mbali.
Akaunga kamba kwa mshipi, mshipi kwa sweta,
sweta kwa sweta ya mtu mwingine,
akatokea nje ya lango, mbele ya kibanda cha Mama Kavata,
akasimama mahali pake halali, akinunua mandazi.
Na Mutheu, mwenzake wa upande wa pili,
akasukumwa na hesabu hadi kwa majirani,
katikati ya shuka zilizoanikwa.

"Haijifungi," Mwalimu akasema. "Hupanuka tu.
Mngekuwa wengi ingevuka Barabara ya Jogoo,
ingeimeza Shauri Moyo, na bado
kila mtu angekuwa na deni sawa kwa bomba na kwa ukuta."

Kisha akatembea kutoka ukutani,
akampita Ekiru, akalipita bomba, hadi mlingoti wa bendera.
"Huu ndio mhimili. Uwanja ukikunjwa hapa kama leso,
Nyaboke ataangukia juu ya Halkano."
Tukapiga kelele hadi bawabu akatoka.
"Kila mtu amwonyeshe mwenzake kwa kidole."

Vidole vikainuka, vikavukana juu ya vumbi.
Changu kilionyesha ardhi.

Tulikuwa arobaini na mmoja:
Ekiru peke yake juu ya mhimili,
sisi wengine wawili wawili.
Lakini Februari nyumba za kina Wambura zilichorwa alama nyekundu,
na tingatinga likafika kabla ya adhana ya alfajiri.
Dawati letu likabaki na upande mmoja uliochakaa.
Kwenye daftari la mahudhurio
jina lake bado lilisomwa, kwa mazoea,
na bado tulinyamaza kulipokea.

Mwalimu hakusema neno.
Akachukua kamba, akapima,
nusu kwa bomba, nusu kwa ukuta,
hatua ishirini na tano, ishirini na tano.
Akavua kiatu chake cha kulia, cheusi,
kisigino kimelika upande,
akakiweka pale.
Akamaliza somo mguu mmoja ukiwa kwenye soksi.

Kengele ilipolia, parabola ikavunjika,
wote wakakimbilia uji.
Mimi nikavuka kukichukua kile kiatu.
Hatua ishirini, mlingoti.
Hatua ishirini tena.
Nilikuwa nimedhani ni mbali zaidi.
Nikaingiza mkono ndani: jua la Machi lilikuwa limekijaza,
kilikuwa na joto
kama cha mtu aliyekivua sasa hivi.