Suruali ya Diwani

Mkurugenzi kasema: Somoe, punguza kiuno,
inchi saba, tunarekodi Alhamisi.
Inchi saba!
Huko si kupunguza,
huko ni kumtoa mtu mzima ndani ya nguo.

Cherehani yangu ipo nyuma ya studio,
na studio ni ghala la korosho la zamani, Chikongola;
mvua ikinyesha kuta bado zinanuka mafuta ya maganda.
Humu miaka tisa tuliwachekesha watu
kutoka Msimbati hadi Nachingwea,
Jumamosi, baada ya taarifa ya habari,
umeme ukiwepo.

Mkwepu sasa yuko Dar, anatangaza dawa ya meno,
yeye ambaye kichekesho chake chote kilikuwa pengo.
Wamemziba.
Bahiya kaolewa Songea. Akinipigia
huanza kwa sauti ya yule bibi mruka foleni,
halafu hunyamaza,
halafu huuliza bei ya mchele huku kwetu.
Na Mfaume, mwenye suruali hii,
tulimzika Mikindani.

Nilikuwepo. Jeneza lilipotaka kutoka
watani wake wakajilaza mlangoni:
Halitoki! Kafa na deni letu la kuku!
Mmoja akaivaa suruali hii hii,
akashindilia mto tumboni,
akatembea mwendo wa Diwani, kidole juu,
akawaahidi waombolezaji kisima.
Mjane alicheka mpaka kanga ikamdondoka.
Suruali ilirudi kwangu na udongo magotini.
Sikuifua.

Jumatatu wakaja wapya. Sita, wembamba wote
kana kwamba wamekubaliana.
Binti wa Tandahimba anayeigiza jenereta.
Mapacha wanaogombana hata katika salamu.
Na Dadi, muuza vocha wa stendi,
ndiye kapewa Diwani.
Shikamoo mama, kasema, macho chini
kama aliyeleta posa.
Nikampima. Tepu ikamzunguka, ikabaki na mkia.

Usiku nikafumua.
Kiuno cha Mfaume kina matabaka,
kila mwaka nilikiongezea kipande:
hiki cha mwaka wa maneno ya gesi,
hiki cha msimu korosho zilipopanda bei,
hiki, sijui, cha chapati tu.
Mfukoni, karatasi ya pipi, na kwa mwandiko wake:
*Pumua. Hesabu tatu. Ndipo ianguke.*

Alhamisi, jaribio la asubuhi.
Suruali imemkaa Dadi kama karani wa benki.
Maneno kayasema yote, hajakosea hata moja.
Shaweji, nyuma ya kamera, akapiga mwayo.
Kimya kile nakijua:
ni kimya cha msiba usio na mtani.

Dadi akanifuata, jasho linamtoka.
Mama, mwanzo ilikuwaje?
Kubwa.
Irudishe.
Nimekesha siku tatu, sikumwambia.
Nilimtazama tu kwa jicho la fundi ambaye hajalipwa,
nikachukua wembe.

Akapanda tena, mkono mmoja umeshika kiuno.
Wananchi! Akainua wa kulia.
Kisima! Akataka kuinua na wa kushoto,
akakumbuka.
Suruali nayo ikafikiri.

Naapa, ile karatasi sikumwonyesha,
nilikuwa nayo mimi, ndani ya sidiria.
Lakini Dadi akapumua.
Moja.
Mbili.
Binti wa Tandahimba akazima jenereta yake.

Shaweji ndiye aliyeanza. Kamera ikatikisika,
ile picha ikaharibika, tukairudia mara nne,
na mara zote nne akacheka.
Mimi nilikuwa na pini nne mdomoni.
Nilizitema ili nicheke,
na katikati ya kucheka nikalia kidogo,
hilo niachieni mwenyewe.

Baadaye niliokota tatu.
Dadi, mwanangu,
ukikaa, kaa polepole.