Ukufi Mmoja

Saa nane usiku nilimwamsha Somoe:
"Tisa kwa tano, sare sita!"
Toleo la kumi na saba limelichapa la kumi na sita.
Nilibadili namba moja tu,
thamani ya farasi aliyekwama pembeni mwa ubao,
na hesabu inasema pointi sabini.
Sabini! Tandahimba nzima imelala
na mimi nimezaa jitu.

Hakuinuka. Aliuliza akiwa chali,
"Michezo mingapi?"
"Ishirini."
Akageukia ukutani.

Yeye ndiye mshika bambo wa ghala letu la korosho.
Hulichoma gunia juu, chini, ubavuni,
maana muuzaji naye ana akili zake:
njema huzipanga mdomoni,
mbovu huzizika tumboni,
na wapo wanaozinyunyizia maji usiku
ili asubuhi mzani uwapigie saluti.
Hupasua moja moja. Huhesabu zilizosinyaa.
Mafuta ya maganda yamemla ncha za vidole.
Msimu wa juzi Nantembo alimwekea ukufi mmoja mezani,
mweupe kama meno ya mtoto:
"Andika daraja la kwanza, twende zetu."
Aliumwaga guniani, akalikoroga, akachoma upya.
Hawasalimiani hadi leo.

Nami niliiona ile namba ya pili,
imeandikwa kando, kwa herufi ndogo:
kuongeza au kupunguza mia na thelathini.
Niliifunika kwa kidole gumba.

Basi nikaanza tena.
Feni ya kuazima ikaipulizia mashine mgongoni.
Mchezo wa mia sita na kumi, umeme ukakatika;
nikakaa gizani nikimlaani farasi.
Mchezo wa elfu moja na mia tatu, tuko juu kwa kumi na tano,
mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe.
"Mbona unazima?"
"Imetosha. Imeshinda."
"Ungekuwa chini kwa kumi na tano, ungezima?"
Sikujibu.
"Basi unapima furaha yako," akasema,
na kuendelea kukuna nazi.

Elfu nne: pointi nne, na nane za shaka.
Jitu langu limekuwa sisimizi,
na sisimizi mwenyewe huenda hayupo.
Nikaacha mashine ikoroge.
Siku zikapita, mikorosho ikatoa maua,
watoto wa jirani wakazoea mlio wa feni
kama watu wanavyozoea kikohozi cha mgonjwa.
Elfu ishirini: pointi nne,
na shaka nne.
Nne kwa nne. Ukingoni kabisa,
pale farasi wangu anapopenda kusimama.

Niliandika hivyo daftarini, bila mshangao,
nikapiga mstari, nikaenda kunawa uso.
Somoe alikuwa amelifungua.
Alisoma taratibu, kidole kikifuata tarakimu,
akauliza hizo elfu ishirini zilichezwa na nani.
"Na la kumi na sita."
"Zote?"
"Zote."
"Ndugu wa tumbo moja."

Alichukua bambo lake nyuma ya mlango, akaenda ghalani.
Chini ya mstari wangu, kwa kalamu nyekundu
na mwandiko ule anaoandikia wakulima stakabadhi:
*Unyevu haujapimwa.*