Hatua Kumi na Mbili kwa Nne

Mimi ni karani wa wilaya, chumba cha tatu kushoto,
Dakota ya Kaskazini, mahali ambapo upepo
una ajira ya kudumu kuliko binadamu.
Kazi yangu ni kuwalipa wakulima wasilime.

Cheka. Hata mimi nilicheka nilipoajiriwa.
Baba yangu alisifiwa kwa sugu za viganja;
mimi namwandikia mtu hundi kwa shamba alilolilaza,
nyasi badala ya ngano, ekari kwa ekari,
miaka kumi. Sahihi hapa, na hapa, na hapa chini.

Ila muulize yeyote huku habari za vumbi,
ule mwaka udongo uliinuka ukahama usiku
kama mpangaji mwenye madeni.
Bibi alitundika shuka mbichi madirishani,
na asubuhi bado sahani zilikuwa na mchanga.
Ndama walipasuliwa, matumbo yakakutwa yamejaa shamba.
Kwa hiyo sheria si ya kipuuzi.
Mzizi wa nyasi hushika ardhi
kama mtoto anavyoshika gauni la mama kwenye umati.

Arvid Skogstad: ekari mia tatu na ishirini, zote zimelala.
Hundi ya Oktoba imemtengenezea meno,
imeezeka ghala lisilo na cha kuhifadhi,
imemaliza deni la trekta lisilo na pa kwenda.
Mkahawani wanamtania: "Skogstad analipwa kulala!"
Naye hucheka nao, huwalipia kahawa,
huondoka kabla kikombe chake hakijapoa.

Mwisho wa Julai nilikwenda kukagua.
Nyasi kiunoni. Bata mwitu akaruka miguuni pangu
akijifanya amevunjika bawa,
ili nimfuate yeye, niwaache vifaranga.
Nikaandika: ndege, wapo.
Nikaendelea hadi katikati, pasipoonwa na barabara yoyote,
nikasimama.

Ngano.

Hatua kumi na mbili kwa nne.
Imepaliliwa kwa mkono, hakuna gugu hata moja,
hakuna alama ya gurudumu, mistari imenyooka
kama nywele za mtoto siku ya kwanza ya shule.

Na mkataba unasema, kifungu cha tisa:
zao lolote, kiasi chochote,
na mkulima atarudisha fedha zote, za miaka yote, pamoja na riba.

Alikuwa nyuma yangu, kofia mkononi.
Sijui alifika saa ngapi.
"Sikuiuza," alisema. "Hata kuila sili. Wanakula kunguru."
"Basi ya nini?"
Akaitazama mikono yake, huku na huku,
kama vitu alivyoazimwa na jirani.
"Inaniwasha."

Upepo ukapita. Nyasi zikainama juu ya ngano,
zikaifunika, zikaifunua.
"Tangu Ragna afe," akasema, "hapa hakuna kitu
kinachonitaka niamke mapema."

Nikapima tena, nikitumaini itakuwa ndogo zaidi.
Kumi na mbili kwa nne.

Wilaya hii ina fungu la mmomonyoko, fungu la mafuriko,
lipo hata fungu la nyuki.
Mikono inayowasha haina fungu.
Na fomu yangu ina visanduku viwili tu:
ametimiza, hajatimiza.

Arvid akakata suke moja, akalipekecha kiganjani,
akapuliza makapi, akanimiminia punje.
Punje saba au nane, bado zina joto la jua.
Angeweza kuninyima. Ningeweza kuzitia kwenye bahasha,
nikaandika tarehe, nikabandika lebo.

Nilizitafuna.
Nilisimama katikati ya mali ya serikali
nikautafuna ushahidi, polepole, hadi ukawa utomvu,
kama baba alivyonifundisha ghalani.

Jioni nilirudi chumba cha tatu kushoto.
Nyasi: kimo cha kiuno.
Ndege: wapo.
Mengineyo:

Kalamu ilikaa hapo muda mrefu.
Ganda la ngano lilikuwa limenasa kati ya meno,
na ulimi haukuacha kulitafuta.